Usikimbilie miche, angalia visiki kwanza: kurudisha msitu wa asili kwenye shamba lililochoka

Ukimwambia mtu apande msitu anawaza mkaratusi. Sawa, unakua fasta na nguzo utauza, ila hilo ni shamba la miti, msitu ni kitu kingine. Mimi naongelea miti yetu yenyewe, mninga, mpingo, mkwaju, migunga, na naongelea huku kwetu Dodoma ambako mvua ni msimu mmoja tu, Desemba mpaka Aprili hivi.

Kabla hujatoa hata mia, zunguka eneo lako kiangazi na panga mkononi. Utaona vichaka vya urefu wa goti ambavyo mbuzi wanavikata kila mwaka, wengi wanafyeka wanachoma wakijua ni takataka, kumbe ni kisiki hai, mti ulikatwa zamani lakini mizizi bado iko chini mizima, na ukiuachia nafasi unampita mbali mche wa kitaluni. Chagua machipukizi 3 mpaka 5 yaliyonyooka, mengine ondoa. Yale uliyobakiza pogolea matawi ya nusu ya chini tu, panga liwe kali usije ukachana gome, halafu funga kitambaa chakavu ili mchungaji na vibarua wajue huu una mwenyewe. Hicho kitambaa usikidharau, kinaokoa miti mingi sana.

Na hii sio mambo ya majaribio. Wasukuma wana ngitili tangu enzi za mababu, eneo linafungwa ili majani yabaki kwa ajili ya ng'ombe kiangazi. Mradi wa HASHI (Hifadhi Ardhi Shinyanga) ulipoanza 1986 zilikuwa zimebaki kama hekta 600, kufika 2004 zikakadiriwa zaidi ya laki 3, na sehemu kubwa ni miti iliyojirudia yenyewe baada ya watu kukubaliana kufunga.

Sasa pale ambapo hakuna kisiki kabisa ndio unapanda. Mbegu okota porini karibu na kwako, kwenye miti tofauti tofauti, sio mti mmoja. Mgunga mwagia maji ya moto uache usiku kucha. Mkongo toa ile kofia nyekundu kwanza. Mninga ndio una kazi, lile tunda lina miiba katikati, unalipasua taratibu unapata mbegu moja au mbili. Kwenye viriba changanya udongo wa chini ya miti mikubwa ya porini maana una fangasi wanaosaidia mizizi, miyombo hasa bila hao inadumaa. Mvua ikishakolea hamishia shambani, chimba nusu duara upande wa chini wa mche maji yasikimbie.

Halafu mninga utakutisha. Mimi mwaka wa kwanza Agosti nikaona miche yote imekauka kama njiti, nikaanza kung'oa kwa hasira, ng'oa ng'oa, wa ishirini hivi nikauangalia vizuri: chini kuna mzizi mnene kama karoti, mbichi kabisa! Ndio tabia yake, juu unakufa kila kiangazi miaka kadhaa huku unajaza mzizi, siku ukishiba unapanda moja kwa moja. Niliua mwenyewe miche 20 bana.

Adui mkubwa ni moto wa Septemba na Oktoba. Lima njia ya moto mita 5 hivi kuzunguka eneo mapema, nyasi zikiwa bado na unyevu. Mbuzi huwamalizi kwa kugombana na jirani, mkae na serikali ya kijiji muweke sheria ndogo, na mruhusu watu kukata majani kwa mundu wabebe, hapo wanakulindia wao. Ukitundika mizinga ndio kabisa, hakuna anayekatia kuni karibu na nyuki.

Hela ya kaboni, yale malipo ya miti kufyonza hewa ukaa? Ekari 2 peke yako sahau, gharama za kupima na kuthibitishwa zitakula kila kitu, hiyo inataka kikundi au kijiji kizima. Lakini rekodi anza leo, chukua futi ya fundi cherehani, pima mzunguko wa shina mita 1.3 kutoka ardhini, piga alama ya rangi hapo hapo ili mwakani upime palepale, andika kwenye daftari na aina ya mti. Miti 30 inatosha kuanzia.