Boondoggle: maana yake, lilikotoka na jinsi ya kulitumia bila kuchapia

Ukifuatilia siasa za Marekani lazima ukutane na hili neno, linatamkwa kama "bundogo" hivi na kasauti ka l mwishoni. Mwanasiasa anasimama anasema mradi wa mwenzake ni boondoggle, halafu huku kwetu anayetafsiri anaandika "ufisadi" basi kamaliza. Hapo ndo watu wanapochapia.

Maana yake ni kazi au mradi unaokula hela, mara nyingi za umma, watu wako bize kweli kweli, ila faida haionekani au ni ndogo mno ukilinganisha na gharama, na bado hausimamishwi kwa sababu kuna mkubwa unamfaa.

Ukijua lilikotoka halikupotei tena. Miaka ya 1920 skauti wa Rochester, jimbo la New York, walikuwa wanasuka kamba za ngozi, vipande vya rangi tofauti vinapishanishwa mpaka unapata kamba ya kuvaa shingoni au kuzungushia kofia, ndo wakaiita boondoggle, na anayetajwa sana kuwa alilibuni ni skauti wa hukohuko, Robert Link. Mwaka 1929 kwenye jambori la dunia, yaani mkusanyiko mkubwa wa maskauti, kule Arrowe Park, Uingereza, hadi mrithi wa kiti cha mfalme alizawadiwa moja. Mpaka hapo neno halina ubaya wowote.

Ubaya ulianza Aprili 1935. Uchumi umeanguka, watu hawana ajira, serikali inamwaga hela kuwapa vibarua, na madiwani wa jiji la New York wakaunda kamati kuchunguza hela inaendaje. Akaitwa Robert Marshall wa Brooklyn, fundi anayefundisha kazi za mikono kwa hela hizohizo, kuulizwa anafundisha nini akajibu bila wasiwasi, boondoggle. Gazeti la New York Times likaipiga ukurasa wa mbele pamoja na hesabu ya zaidi ya dola milioni 3 zilizotumika kwenye mambo ya namna hiyo, wapinzani wa Rais Roosevelt wakalidaka neno wakawa wanampiga nalo kila siku. Mwenyewe hakulikwepa, Januari 1936 akiwa Newark akasema kama boondoggle itatutoa kwenye huu mdororo basi neno hilo litakaa mioyoni mwa Wamarekani miaka mingi. (Marshall alidai ni neno la enzi za walowezi wa kwanza, na wengine hulibandika kwa Daniel Boone, mwindaji maarufu wa enzi hizo, ila hiyo ya Boone usiibebe, haina ushahidi.)

Sasa kulitumia. Kwanza angalia kama kazi inafanyika kweli. Kama upo kwenye makaratasi tu, site hakuna hata tofali, huo ni mradi hewa. Kama kitu kimejengwa kikaisha vizuri ila kukitunza kunakufilisi, hiyo ni tembo mweupe. Na kama mtu kaiba tu, sema upigaji, neno tunalo na linatosha sana. Boondoggle inabaki kwa ile ambayo kazi inaenda, risiti zipo, tatizo ni kwamba kazi yenyewe haikuwa na haja.

Pima na mfano wa Kongwa. Mwaka 1947 Waingereza walianza kufyeka pori la Tanganyika walime karanga, matrekta mengi yalikuwa mitumba ya vita, ardhi ikikauka inakuwa ngumu kama saruji, na kufika 1951 wameuzika mpango na pauni zipatazo milioni 36 zimeenda. Ni boondoggle? Mimi nasema mwanzoni hapana, Uingereza ilikuwa na njaa ya mafuta ya kula kwelikweli, walikosea mahesabu tu, ila pale mavuno yalipogoma na bado wakaendelea kumwaga hela ili serikali isiaibike, hapo neno linakaa sawasawa.

Na ukisikia mtu kalitamka muulize kwanza ni wa chama gani, maana ni neno la kurushiana. WPA, shirika la Roosevelt la kutoa ajira lililosemwa boondoggle kuliko yote, ndo hilohilo lililojenga uwanja wa ndege wa LaGuardia, ukafunguliwa 1939, na mpaka leo ndege zinatua.

Kwenye sentensi andika hivi: "Hiyo barabara ya kwenda shambani kwa waziri ni boondoggle." Wingi acha hivyohivyo, maboondoggle inachekesha.