Tela la kulala na pikapu ya kulivuta
Usianze na uzuri wa tela. Anza na uzito ambao pikapu yako inaruhusiwa kubeba. Tela la kulala linaloegemea ndani ya bodi ya pikapu huitwisha gari karibu asilimia 20 ya uzito wake. La kilo 4,000 ni kilo 800 juu ya ekseli ya nyuma. Ongeza kiungo chenyewe cha kushikia tela, abiria na mizigo: pikapu ya tani moja imeshazidiwa, hata injini iwe na nguvu. Pua inainuka, usukani unakuwa mwepesi, tairi za nyuma zinachemka na kupasuka. Pima tela likiwa limejaa; maji lita 200 ni kilo 200. Ukitoka Iringa kwenda Dar, mteremko wa Kitonga unadai tela lenye breki zake.