Kununua na Kuboresha Bunduki ya Shabaha Iliyotumika

Mkazi wa Mwanza anayetaka bunduki ya shabaha ya komeo (chuma kinachosukumwa kwa mkono kufunga nyuma ya mtutu) iliyokwishatumika aanze na kibali cha polisi, kwa mujibu wa Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya mwaka 2015, na ahakikishe namba iliyochongwa kwenye chuma inalingana na leseni ya muuzaji. Hakikisha haina risasi, chomoa komeo, kisha umulike mtutu kutokea nyuma: mifuo, yaani mikato ya kuzunguka ndani ya mtutu, iwe na kingo kali, bila vishimo vya kutu. Mdomo wa mtutu uliogongwa hutawanya risasi, hata kama kwingine kote bunduki inang'aa. Kutu inayoletwa na unyevunyevu wa ziwa hujificha chini ya mbao za kitako. Muuzaji akikataa kuifungua bunduki, ondoka. Fundi mwenye leseni aikalishe sehemu ya chuma vizuri kwenye kitako kabla hujagharimia darubini.