Jinsi ya Kuusoma Msimu wa Timu ya Besiboli Iliyoanza kwa Kishindo Ikafifia

Mwongozo huu umeandikwa kwa ajili ya mpenzi wa michezo wa Lamu, awe wa Mkomani, Langoni au Shela, ambaye amezoea kufuata ligi za kandanda na sasa amevutiwa na besiboli ya kulipwa ya Marekani, lakini hushangaa kuona timu iliyoongoza mwezi wa Aprili ikiburura mkia mwezi wa Septemba. Shabiki wa kandanda hutazama kwanza pointi na nafasi ya timu katika msimamo wa ligi, na mazoea hayo humpotosha katika mchezo huu. Nitaeleza namna ya kutambua mapema, kwa kalamu na daftari, iwapo timu inayoongoza ni nzuri kweli au imebebwa na bahati, kwa sababu kufifia kwa timu nyingi huwa kumekwisha kuonekana katika hesabu zake muda mrefu kabla ya vipigo kuanza kumiminika.

Ni lazima kwanza kuuelewa urefu wa msimu wenyewe. Ligi kuu ya besiboli ya Marekani ina timu 30, zilizogawanywa katika ligi mbili, yaani American na National, na kila ligi ina makundi matatu ya timu tano tano. Kila timu hucheza mechi 162, karibu kila siku, kuanzia mwishoni mwa Machi hadi mwishoni mwa Septemba, na tangu mwaka 2022 timu 12 huingia katika mchujo: washindi sita wa makundi, pamoja na timu nyingine sita zenye matokeo bora. Mechi 15 za mwanzo ni chini ya sehemu moja ya kumi ya msimu, sawa na mechi tatu au nne za ligi ya kandanda yenye mechi 38. Hakuna mtu mwenye busara ambaye angeitangaza timu yake ya kandanda kuwa bingwa baada ya mechi nne, na kwa hiyo asifanye hivyo katika besiboli pia, hata kama magazeti ya Marekani yenyewe yanafanya hivyo kila mwaka.

Kwa mkaazi wa Lamu kalenda hii ni rahisi kuikumbuka, kwani msimu huanza wakati kaskazi inapoisha, hupita katika mvua za masika na kusi yote, na hufikia tamati matlai inapokaribia. Saa za mechi ndizo ngumu. Mechi inayoanza saa moja jioni mjini New York huanza saa nane usiku kwetu, na ile ya California huanza saa kumi na moja alfajiri. Anayeamka kwa swala ya alfajiri kwa kawaida atakuta matokeo ya New York yamekwisha kutoka, lakini ya California hana budi kuyangoja hadi saa mbili au saa tatu asubuhi. Simshauri mtu kukesha. Msimu wa mechi 162 hausomwi kwa kutazama kila mechi, bali kwa kuandika kila siku mambo machache na kuyalinganisha kila mwisho wa mwezi.

Katika daftari, chora safu za ushindi, vipigo, mikimbio iliyofungwa na mikimbio iliyoruhusiwa. Mkimbio ni ile alama anayopata mchezaji anapovizunguka vituo vyote na kurudi nyumbani, na ndiyo inayoamua mechi kama bao linavyoamua kandanda. Ongeza safu ya pengo, ambayo hukokotolewa hivi: chukua tofauti ya ushindi kati ya timu mbili, ongeza tofauti ya vipigo, kisha gawanya kwa mbili. Mwaka 2007, kwa mfano, Philadelphia Phillies walimaliza na ushindi 89 na vipigo 73, ilhali New York Mets walikuwa na ushindi 88 na vipigo 74. Tofauti ni moja na moja, jumla ni mbili, na nusu yake ni pengo la mechi moja.

Hesabu iliyo na uzito kuliko zote ni ile ya mikimbio, na hapa ndipo ninapomwomba msomaji atulie. Ukigawanya idadi ya mechi kwa mbili, kisha ukaongeza ushindi mmoja kwa kila mikimbio kumi ambayo timu imewazidi wapinzani wake kwa jumla, au ukapunguza mmoja kwa kila kumi iliyozidiwa, utapata makadirio ya karibu ya ushindi ambao timu inastahili. Mwandishi wa takwimu Bill James alitengeneza kanuni sahihi zaidi inayotumia vipeo vya pili vya mikimbio, lakini kwa daftari la kawaida kanuni ya kumi inatosha. Tuchukulie timu imecheza mechi 40 na kushinda 25. Ikiwa imefunga mikimbio 230 na kuruhusu 180, imewazidi wapinzani kwa 50, kwa hiyo inastahili ushindi 20 na mitano zaidi, na nafasi yake ni ya haki. Ikiwa imefunga 180 na kuruhusu 180, ilistahili ushindi 20 tu, na ile mitano iliyozidi imetokana na kushinda mechi nyingi kwa mkimbio mmoja. Ushindi wa namna hiyo haupatikani kwa mfululizo miezi sita. Timu kama hiyo ikianza kushindwa mwezi wa Juni, haijaharibika; imerudi tu kwenye kiwango chake.

Hata hivyo, mikimbio ya wiki mbili inaweza kudanganya vilevile. Seattle Mariners walianza mwaka 2019 kwa ushindi 13 na vipigo viwili, na katika kila moja ya mechi zao 20 za kwanza walipiga angalau mpira mmoja ukaruka ukuta wa uwanja. Walimaliza na ushindi 68 na vipigo 94. Aliyefuatilia usajili wao hakustaajabu, kwa sababu kabla ya msimu huo walikuwa wamekwisha kuwaachia nyota wao Robinson Canó na Edwin Díaz waende Mets, na James Paxton aende Yankees, ishara ya wazi kwamba viongozi wenyewe walikuwa wanajenga timu ya miaka ijayo. Pittsburgh Pirates wa mwaka 2023 walianza na ushindi 20 dhidi ya vipigo vinane, wakaishia na 76 dhidi ya 86. Lakini mwaka huohuo Tampa Bay Rays walishinda mechi 13 za kwanza bila kupoteza hata moja, wakamaliza na ushindi 99. Mwanzo mzuri peke yake, basi, hausemi lolote; soma kikosi kilichoachwa baada ya usajili, kisha soma mikimbio ya mechi 40 au zaidi.

Ipo aina ya pili ya kufifia, nayo ndiyo inayoumiza: timu iliyo nzuri kweli inayochoka. Ili kuitambua, acha kutazama wapigaji, wale wanaoupiga mpira kwa gongo, na uwatazame warushaji, wale wanaowarushia mpira huo. Mrushaji anayeanzisha mechi hawezi kurusha kila siku. Siku hizi timu huwa na warushaji watano wanaopokezana, na kila mmoja hupumzika siku nne au zaidi. Andika tarehe aliyorusha kila mmoja wao. Ukiona kocha ameanza kuwarudisha kabla ya wakati wao, jua hofu imeingia. Mwaka 1964 Phillies walikuwa mbele kwa mechi sita na nusu huku zikiwa zimebaki mechi 12, kisha wakashindwa mara kumi mfululizo. Kocha wao, Gene Mauch, aliwategemea Jim Bunning na Chris Short, akiwarudisha uwanjani baada ya mapumziko ya siku mbili tu. Walimaliza nyuma ya St. Louis Cardinals kwa mechi moja, na Cardinals wakatwaa ubingwa wote. Kwa maoni yangu hakuna msimu unaofundisha zaidi kuhusu uchovu kuliko huo, labda ule wa Chicago Cubs wa 1969, ambao walianza kwa ushindi 11 na kipigo kimoja. Kocha Leo Durocher aliwachezesha wachezaji walewale katika joto la mchana, kwa kuwa uwanja wao haukuwa na taa hadi 1988, na mdakaji Randy Hundley, yule anayeipokea mipira ya mrushaji, alidaka katika mechi zaidi ya 140. Kufikia mwisho wa msimu, Mets walikuwa wamewapita na kuwaacha nyuma kwa mechi nane.

Mwishoni mwa Julai, dirisha la kubadilishana wachezaji linapofungwa, tazama kama timu inayoongoza imeongeza mrushaji au imekaa kimya. Jambo hilo ni fupi lakini usilipite.

Septemba ikifika, pengo lisomwe pamoja na idadi ya mechi zilizobaki. Tarehe 12 Septemba 2007 Mets walikuwa mbele ya Phillies kwa mechi saba, na zilibaki 17. Kama Mets wangeshinda nane tu kati ya hizo, Phillies wangehitaji kushinda 15 ili kuwafikia. Mets walishinda tano na kushindwa 12. Phillies walishinda 13. Siku ya mwisho, dhidi ya Florida Marlins, mrushaji wa Mets Tom Glavine, mmoja wa warushaji wakubwa wa zama zake, alitolewa katika awamu ya kwanza, yaani zamu ya kwanza kati ya tisa za mechi, baada ya kubebeshwa mikimbio saba. Fanya hesabu hii kila Jumatatu ya Septemba, na uandike kando idadi ya awamu walizorusha wiki iliyopita warushaji wa akiba, wale wanaoingia kumpokea aliyeanzisha mechi, kwa maana hao ndio huanguka kwanza.

Msimu ukiisha, amua timu yako ilikuwa ya aina ipi, kwa sababu jibu hilo litakusaidia mwaka unaofuata. Iliyobebwa na bahati haitarudi juu mpaka ibadilishe wachezaji wengi. Iliyochoka inaweza kurudi, ila kwa sharti kwamba kile kilichochoka kimerekebishwa. Mets walirudi mwaka 2008 wakiwa na nguvu, wakaongoza tena mwezi wa Septemba, lakini Billy Wagner, mrushaji wao wa kumalizia mechi, alikuwa ameumia, na wenzake wa akiba hawakuweza kuzilinda mechi. Wakatolewa tena siku ya mwisho, tena na Florida Marlins walewale. Kwa hiyo, kabla ya Machi, fungua ukurasa mpya, andika majina ya warushaji wa akiba waliobaki na walioletwa, na uweke alama kwa kila aliyerusha awamu nyingi mno mwaka uliopita.