Kuotesha bustani juu ya mwamba, kwa njia ya Haller

Kiwanja changu cha Mtwapa kilikuwa timbo. Mwamba mtupu wa matumbawe, jembe likigusa linaruka. Niliyemfuata ni René Haller, mtaalamu wa kilimo kutoka Uswisi, aliyeanza mwaka 1971 kurudisha uhai kwenye matimbo ya kiwanda cha saruji cha Bamburi, Mombasa. Alijaribu aina 26 za miti. Mvinje (casuarina) ndio uliomfaa zaidi: unavumilia chumvi, na mizizi yake hushirikiana na bakteria wanaonasa naitrojeni ya hewani na kuulisha mti.

Basi anza na mvinje. Vunja mwamba kwa mtaimbo, shimo la kina cha mkono hadi kiwiko, tia mboji kidogo, panda mvua za masika zikianza. Mimi niliacha hatua tatu baina ya miche.

Majani yakidondoka, usifagie. Mwaka wa kwanza niliyachoma, na bado naumia nikikumbuka, maana hayo ndiyo udongo wenyewe. Ila ni magumu, hayaozi upesi. Haller alipambana na tatizo hilo hilo, akaleta majongoo: wanayala majani, na kinyesi chao kinakuwa mboji. Wahenga walisema mtupa jongoo hutupa na mti wake. Kwangu watoto wanawaokota njiani na kuwaleta kwenye kopo.

Ukichimbua na kuona weusi wa upana wa vidole viwili, ingiza mimea mingine. Nilianza na mkilifi, kisha asumini karibu na baraza. Msitu wa Haller unatembelewa hadi leo, Bamburi, kwa jina la Haller Park. Nenda, uinamie udongo wake, uuguse.