SMIG: inavyowekwa, na namna ya kuipima ukiwa Lubumbashi

Anza na tarakimu yenyewe, maana wengi wanakosea hapo hapo. SMIG ni mshahara wa chini wa kisheria wa Kongo (DRC), wa siku moja, kwa faranga za Kongo, wa manevre wa kawaida, yaani kibarua asiye na ufundi; mishahara ya ngazi za juu inapanda kutoka kwake. Dikrii (amri ya serikali) ya tarehe 30 Mei 2025 iliitoa kwenye faranga 7,075 na kuipandisha kwa hatua mbili: 14,500 kwanza, halafu 21,500 kuanzia Januari 2026. Ukitaka ya mwezi, zidisha kwa siku 26, usizidishe kwa 30: 21,500 mara 26 ni 559,000.

Wizara ya Kazi ndiyo inayopendekeza. Kisha Baraza la Taifa la Kazi linatoa maoni. Humo serikali, waajiri kupitia shirikisho lao FEC, na sendika (vyama vya wafanyakazi) kama UNTC na CDT wanakaa pamoja. Mwisho dikrii inatiwa saini. Mapatano namba 131 ya ILO (Shirika la Kazi Duniani), ya mwaka 1970, yanataka vitu viwili vitazamwe pamoja: mahitaji ya mfanyakazi na jamaa yake, na hali ya uchumi, yaani uzalishaji na nafasi za kazi. Waajiri hufika na hesabu za uchumi zikiwa tayari. Sendika isiyo na bei za soko mkononi itabaki kulalamika tu.

Kwa hiyo tengeneza hesabu ya kapu, yaani gharama za mahitaji yote ya familia kwa mwezi. Chagua familia ya kipimo, mathalani watu sita, na usiibadilishe tena. Andika chakula cha mwezi: unga wa bukari (ugali), mafuta, samaki, sombe (majani ya muhogo), chumvi. Bei ya unga ndiyo inayodanganya watu. Mfuko wa kilo 25 unajulikana uzito, lakini familia nyingi zinanunua kwa meka (kopo la kupimia), na meka ya muuzaji huyu inajazwa hadi kilele, ya yule inapanguswa. Beba mizani, pima meka tatu kwa wauzaji watatu, gawa bei kwa kilo. Makala (mkaa) fanya vile vile: bei ya gunia bila uzito haisemi kitu. Rudia soko lile lile, wiki ile ile ya mwezi, kwani bei inaweza kubadilika ndani ya mwezi.

Ongeza kodi ya nyumba, maji, umeme, shule, dawa na nauli, kisha asilimia 5 ya dharura. Jumla igawe kwa idadi ya wanaoleta mshahara nyumbani. Linganisha na SMIG ya mwezi; pengo unaloliona ndilo la kupeleka mezani.

Rudia kila miezi mitatu, maana faranga ikishuka, SMIG inapoteza nguvu. Mwaka 2008 SMIG iliwekwa faranga 1,680, karibu dola 3. Ilikaa miaka kumi bila kuguswa, na mwaka 2017, dola ikiwa karibu faranga 1,600, ilikuwa imebaki kama dola 1. Ile ya 7,075 ya mwaka 2018 ilizidi dola 4. Mwaka 2024, dola ikikaribia 2,800, ilikuwa dola 2 na nusu. Hayo ni maumivu ya kweli kwa mtu anayelipa kodi ya nyumba kwa dola.

Kujua kama kima kipya kinafanya kazi, hesabu kabla ya hatua ya kwanza, halafu tena kila hatua, katika kampuni zile zile: wangapi wanalipwa chini ya kima, wangapi wanalipwa sawasawa na kima, saa ngapi kwa wiki (sheria inasema 45), wangapi wameachishwa. Angalia sana ngazi: kima kikipanda, fundi anaweza kuandikwa ghafla manevre. Usitegemee mshahara wa kati wa taifa. Wengi wetu tunafanya kazi isiyoandikwa popote.

Kosa kubwa liko kwenye karatasi ya mshahara, hasa kwa wakandarasi wadogo wa migodi. Nyumba, nauli, matibabu na posho ya watoto si sehemu ya mshahara kwa sheria ya kazi ya 2002. Akizijumlisha patron (mwajiri) ili kufikia 559,000, hajafikia. Ziondoe, gawa kilichobaki kwa 26. Kama ni pungufu, peleka karatasi hiyo kwa mkaguzi wa kazi, maana Tribunali ya Kazi haipokei shauri ambalo halijapita kwake kwa upatanisho. Usichelewe: dai la mshahara linakufa baada ya mwaka mmoja tangu siku uliyopaswa kulipwa.