Kompyuta ya Zamani Inapogoma Kupokea Mfumo Endeshi Mpya

Kosa linapojitokeza wakati wa kusakinisha mfumo endeshi kwenye kompyuta ya zamani, tazama kwanza kazi imekwamia hatua gani, kwa sababu mashine isiyoitambua flashi yenye kisakinishi ina tatizo tofauti na ile inayokwama katikati ya kunakili faili. Nyaraka na picha zihamishiwe kwenye diski nyingine kabla ya lolote, kwani baadhi ya hatua zinazofuata hufuta kila kitu.

Prosesa ya biti 32 haiwezi kuendesha mfumo wa biti 64 hata ukiiongezea ramu kiasi gani, na kisakinishi cha Linux huikataa papo hapo kwa ujumbe unaotaja i686 (yaani biti 32) mahali palipohitajika x86-64 (biti 64). Mashine ya aina hiyo ipewe Debian 12, ambayo ina kisakinishi cha biti 32, maana Debian 13 iliyotoka Agosti 2025 imeachana nacho. Windows 11 iache kabisa: hudai UEFI (programu ya kuwashia kompyuta iliyochukua nafasi ya BIOS ya kale), TPM 2.0 (chipu ya usalama) na ramu ya GB 4, na ni nadra kuvikuta vyote kwa pamoja kwenye laptopu ya mwaka 2010. Windows 10 huenda ikakubali, ingawa usaidizi wake wa kawaida ulikoma tarehe 14 Oktoba 2025.

Flashi isipoonekana, ingia kwenye BIOS (mipangilio ya msingi ya ubao mkuu) kwa kubonyeza F2, F10 au Delete mara tu unapowasha, kutegemea mtengenezaji, kisha uipandishe flashi juu ya diski katika mpangilio wa kuwashia. Ikiwa bado haionekani, huenda iliandaliwa kwa ajili ya UEFI ilhali mashine inatumia BIOS ya kale. Iandae upya kwa programu ya Rufus ukichagua MBR, mtindo wa zamani wa kugawa diski, badala ya GPT ambao ni mpya. Kwa Windows 7, tumia tundu la USB 2.0, kwa kuwa kisakinishi chake hakina viendeshi vya USB 3.0.

Kosa linalosumbua wengi zaidi ni lile la Windows kukataa diski kwa maelezo kwamba mgawanyo wake ni GPT. Diski yenyewe ni nzima. Kilichotokea ni kwamba flashi imewashwa kwa njia ya BIOS, nayo Windows ikiwashwa hivyo hutaka MBR. Kama mashine ina UEFI, iwashe upya na uichague flashi kwa jina lenye neno UEFI, na hutapoteza chochote. Kama haina, bonyeza Shift na F10 ili dirisha la amri lifunguke, andika diskpart (programu ya kugawa diski), kisha list disk. Hapo soma ukubwa kwa makini: diski inayouzwa kama ya GB 320 huonekana kama GB 298, na yenye GPT huwa na kinyota kwenye safu ya mwisho. Ichague kwa select disk 0, au namba nyingine iliyo yake, ndipo uandike clean na convert mbr. Amri ya clean haiulizi mara mbili, kwa hiyo ukikosea namba umefuta diski isiyohusika.

Kazi ikikwama wakati wa kunakili, mathalani kwa kosa 0x80070570, mtuhumiwa wa kwanza ni faili la ISO (nakala nzima ya kisakinishi) lililopakuliwa nusunusu, jambo la kawaida pale intaneti inapokatika. Linganisha alama yake ya SHA-256 (mfuatano wa herufi na namba unaotambulisha faili) na ile iliyotolewa na watengenezaji kwa kutumia amri ya certutil -hashfile, ikifuatwa na jina la faili na neno SHA256. Zikilingana, pima ramu kwa Memtest86+, na makosa yakitokea chomoa kipande kimoja kimoja ili ukipate kibovu. Ramu ikiwa salama, ipime diski kwa amri ya smartctl -a; hesabu ya Current_Pending_Sector (sehemu za diski zinazoshindwa kusomeka) ikizidi sifuri na kuendelea kupanda, nunua diski nyingine badala ya kuendelea kuihangaikia hiyo.

Kisakinishi cha Linux kinachoishia kwenye skrini nyeusi kwa kawaida kimeshindwana na kadi ya picha: kwenye menyu ya GRUB, ile inayotokea kabla Linux haijaanza kuwaka, bonyeza e, ongeza nomodeset mwishoni mwa mstari unaoanza na linux, kisha bonyeza F10.

Angalia pia tarehe. Betri ya CR2032 kwenye ubao mkuu ikiisha, saa hurudi nyuma miaka kadhaa, na kisakinishi hukataa kupakua vifurushi vya programu kikidai kwamba vyeti vya usalama havijaanza kutumika. Rekebisha tarehe kwenye BIOS ili uendelee, kisha ubadilishe betri.